Nitafute x kwenye washing soda: mimi napata 2, jamaa kapata 153, majibu ya nyuma yanasema 10. Wataalamu wa kemia njooni

kibatari aliandika:

Shikamooni wakubwa, wadogo mambo vipi. Mwaka huu nariseti kemia ya form four kama mtahiniwa wa kujitegemea, mchana niko dukani jioni ndo nashika daftari, kwaiyo mwalimu sina, mwalimu wangu ni nyie. Nimefika kwenye maswali ya moli (kipimo cha idadi ya chembe) na titresheni (kudondoshea asidi kwenye besi mpaka zimalizane) nimekwama kama gari kwenye tope. Swali nimeligeuza Kiswahili ili twende sawa:

Gramu 2.86 za fuwele za washing soda, Na2CO3·xH2O, ziliyeyushwa kwenye maji ukapatikana myeyusho wa 250 cm³. Kila 25 cm³ za myeyusho huo zilimalizwa na 20 cm³ za asidi ya HCl ya 0.1 M (moli 0.1 kwenye lita), indiketa (rangi ya kuonyesha zimemalizana) methyl orange. Tafuta x, yaani maji mangapi kwa kila Na2CO3 moja. (H=1, C=12, O=16, Na=23)

Mimi nimefanya hivi:
moli za HCl = 0.1 × 20 ÷ 1000 = 0.002
kwaiyo moli za soda nazo 0.002
hizo ni za kwenye 25, kwenye 250 ni mara kumi = 0.02
2.86 ÷ 0.02 = 143
143 − 106 (uzito wa Na2CO3 yenyewe) = 37
37 ÷ 18 (uzito wa maji) = 2.06, nikasema basi x ni 2

Nikaangalia nyuma ya kitabu, 10. Nikampa jamaa yangu aliyemaliza zamani akapiga piga kikalkuleta akatoka na 153, na ni 153 kamili haina hata desimali, akaniambia kitabu kimekosea chapa. Sasa nani mkweli hapa, na mi nakosea wapi maana kila nikirudia napata ile ile 2.06

---

Ngosha_wa_Kanda aliandika:

Maji 153 kwenye chembe moja ya soda?? Hiyo sio fuwele mkuu hiyo ni bwawa 😂😂 ngoja nikae hapa nisubiri wataalamu

---

fomula_tu aliandika:

Dogo usijisumbue na mistari sita. Kuna fomula moja tu ya titresheni, ikariri utatoboa:

MaVa / MbVb = na / nb

M ni molariti (moli kwa lita), V ni ujazo, a ni asidi, b ni besi, na ile n ni namba zilizo mbele kwenye equesheni iliyobalansiwa. Na2CO3 + 2HCl → 2NaCl + H2O + CO2, kwaiyo na = 2, nb = 1.

0.1 × 20 / (Mb × 25) = 2/1
Mb = 0.04 M

Sasa 2.86 kwenye 250 cm³ ni sawa na 11.44 kwenye lita nzima. 11.44 ÷ 0.04 = 286. 286 − 106 = 180. 180 ÷ 18 = 10. Kitabu hakijakosea, jamaa yako ndo kakosea. Umemaliza kalale

---

kibatari aliandika:

Asante sana kaka fomula_tu, jibu nimeliona limetoka. Ila bado sijaelewa kwanini njia yangu haikutoka, maana hata mimi nilikuwa na moli na mara kumi na kila kitu. Nikikariri hii alafu kwenye mtihani wakabadilisha swali kidogo si ntarudi kule kule

---

MwlPipeti aliandika:

Kibatari umeuliza swali zuri kuliko lile la kwanza. Jibu la fomula_tu ni sahihi, ila wewe njia yako ilikuwa nzuri mdogo wangu, umeteleza kwenye mstari mmoja tu, wa pili. Uliandika "kwaiyo moli za soda nazo 0.002". Hilo "kwaiyo" ndo limekuponza, umelitoa wapi? Hujamuuliza mtu. Wa kumuuliza ni equesheni, na equesheni inasema kila moli moja ya soda inakula moli mbili za HCl. Kabonati ina chaji mbili hasi, haidrojeni ya asidi ina chaji moja chanya, kwaiyo ya kwanza ikifika inageuza kabonati kuwa baikabonati, ya pili ikifika ndo inaitoa kama maji na gesi ya kaboni dayoksaidi. Asidi 0.002 zimetosha kumaliza soda 0.001 basi, sio 0.002.

Rudia yako sasa:
soda kwenye 25 cm³ = 0.002 ÷ 2 = 0.001
kwenye 250 cm³ = 0.01
2.86 ÷ 0.01 = 286
(286 − 106) ÷ 18 = 10

Na huyo jamaa yako wa 153 naye nimeona alipopitia. Yeye uwiano kaujua, 0.001 kaipata, ila akachukua 2.86 yote akagawa kwa 0.001. Yaani gramu za chombo kizima kwa moli za 25 tu. Nikimimina kikombe kimoja kutoka kwenye chupa ya chai, utamu wa kikombe na wa chupa ni ule ule, lakini sukari yote ya chupa haikuingia kwenye kikombe. Molariti ndo utamu, moli ndo sukari. Ukitoa 25 kutoka kwenye 250 molariti inabaki ile ile, moli zinabaki moja ya kumi.

Angalieni jambo moja linaloniudhi kila mwaka kwenye haya maswali: 153 imetoka kamili bila desimali, 2.06 iko karibu kabisa na 2. Yote mawili ni makosa na yote mawili yanavutia. Wanafunzi wanaamini jibu likiwa namba nzuri basi ni sahihi. Jiulize kwanza kama lina akili. Soda yenye maji 153 ingekuwa na gramu 2754 za maji kwa kila gramu 106 za soda, sasa hiyo itakaaje fuwele ya kushika mkononi, Ngosha kasema kwa utani lakini kasema kweli.

Mi darasani nafundisha hivi: kila swali la kemia ya form three na four linalokupa namba, ligeuze kwanza kuwa moli. Umepewa gramu, gawa kwa uzito wa moli moja. Umepewa ujazo na molariti, zidisha (ukumbuke kugawa cm³ kwa 1000). Umepewa gesi, gawa kwa 22.4 dm³ kama ni s.t.p. (joto la 0°C na kanieneo ya kawaida). Ukishafika kwenye moli, soma equesheni uvuke upande wa pili kwa uwiano wake, alafu ndo utoke kwenda kwenye kile wanachotaka, gramu au ujazo au chochote. Hakuna njia ya mkato ya kutoka gramu za huku kwenda gramu za kule bila kupita kwenye moli.

---

fomula_tu aliandika:

Mwalimu na heshima zote, hayo maelezo yote mtihani una saa mbili na nusu au tatu, dogo anatakiwa apate maksi sio awe profesa. Mi nilikariri MaVa/MbVb na M1V1 = M2V2 (ile ya kuzimua) nikatoka na B. Fomula ni ile ile moli umeificha ndani

---

MwlPipeti aliandika:

Ni kweli kabisa fomula ni moli zilizofichwa, sikatai, MaVa ni moli za asidi na MbVb ni moli za besi. Shida ni kwamba zimefichwa. Haya ngoja nikupe hili, tumia fomula yako:

50 cm³ za BaCl2 ya 0.2 M zimechanganywa na 30 cm³ za Na2SO4 ya 0.5 M. Gramu ngapi za BaSO4 zitazama chini, na ni kitu gani kimebaki kwenye maji na molariti yake ni ngapi? (Ba=137, S=32, O=16)

---

fomula_tu aliandika:

(0.2 × 50) / (0.5 × 30) = 10/15 = 2/3, uwiano ni 1/1... ebu subiri. Hapa asidi ipi besi ipi 🤔

---

Ngosha_wa_Kanda aliandika:

😂😂😂 fomula imekataa kuwaka

---

otieno_wa_lab3 aliandika:

Niaje wasee, mi niko side ya Kenya, nadhani hii naweza. Si unatafuta moles za kila mmoja kwanza vile mwalimu amesema:

Ba: 0.2 × 50/1000 = 0.01
sulfeti: 0.5 × 30/1000 = 0.015

Zinakutana moja kwa moja, so bariamu ndio inaisha kwanza, sulfeti 0.01 inatumika na 0.005 inabaki imekosa mtu. BaSO4 ni 137 + 32 + 64 = 233, mara 0.01 ni gramu 2.33. Iliyobaki ni 0.005 lakini sasa maji yote ni 80 cm³ si 30, so 0.005 ÷ 0.08 = 0.0625 M. Na usisahau Na+ na Cl− pia ziko humo zinaogelea tu hazijafanya kitu: sodiamu 0.03 mol, kloraidi 0.02 mol. Ukitaka kuhakikisha hujakosea hesabu chaji: chanya 0.03, hasi 0.02 ya kloraidi na 0.005 mara mbili ya sulfeti, jumla 0.03. Imebalansi.

Mwalimu wetu alikuwa anatupiga marks kwa hiyo 80, watu wote wanagawa kwa 30.

---

MwlPipeti aliandika:

Otieno umenifurahisha, na hiyo ya kuhesabu chaji mwishoni ni silaha ambayo wengi hawaitumii. Fomula ya titresheni inafanya kazi pale tu ambapo vitu viwili vimemalizana kabisa, ndo maana unakuwepo na indiketa ya kukuambia zimemalizana. Huku kwenye bariamu hakuna aliyesema zimemalizana. Kuna anayebaki, na fomula haina pa kumuweka.

---

fomula_tu aliandika:

Sawa mwalimu hapo nimekubali, ila kwa titresheni kavu bado nasimama na fomula yangu, na msahihishaji anatoa maksi zake bila kuuliza

---

DadaMaabara aliandika:

Habari za jioni wote. Mimi ni fundi wa maabara ya shule, hesabu zenu nimezipenda ila naona wote mmezungumza kama ile 20 cm³ imeshuka kutoka mbinguni. Kibatari wewe ni wa kujitegemea na kwenye praktiko hiyo namba utaitoa mwenyewe kwenye bureti (ile bomba yenye vipimo na koki chini), kwaiyo nisikilize.

Chukua swali hili hili, tuseme mtu badala ya kupata 20.00 kapata 20.60. Kazidisha nusu na kidogo tu ya sentimita moja. Moli za HCl 0.00206, soda 0.00103, kwenye 250 ni 0.0103, 2.86 ÷ 0.0103 inatoa 277.7, toa 106, gawa 18, x = 9.54. Sasa hapo uandike 9 au 10? Lakini akipata 20.10 inatoka 9.92 na hapo huna wasiwasi ni 10. Hiyo 0.6 nimeiona inaibiwa kwa njia hizi, na nimesimama nyuma ya wanafunzi wengi sana:

Pale chini ya koki ya bureti kunabaki hewa. Mtu anajaza mpaka sifuri anaanza, hewa inatoka katikati ya kazi, bureti inasoma kwamba asidi imeshuka kumbe imejaza tu kale kanafasi. Fungua koki kwa nguvu sekunde moja kabla hujaanza, ncha ijae, ndo ujaze tena usome.

Faneli kuachwa juu ya bureti. Inadondosha tone unasema bureti imepanda. Itoe.

Kusuuza koniko flaski kwa ule myeyusho wa soda. Usifanye hivyo hata kama mwenzako anafanya! Bureti na pipeti (ile ya kuvutia 25 cm³) unasuuza kwa kitu kitakachoingia humo, flaski unasuuza kwa maji tu, hata ikibaki na maji haidhuru maana moli za soda ulizoweka kwa pipeti hazibadiliki. Ukisuuza flaski kwa soda umeongeza soda ambayo hukuipima.

Kupuliza pipeti ili tone la mwisho litoke. Hilo tone limeshahesabiwa na mtengenezaji wa pipeti kwamba litabaki, gusisha ncha kwenye ukuta wa flaski basi.

Na ile raundi ya kwanza tunayoita pailoti usiiingize kwenye wastani. Pailoti ni ya kukuonyesha rangi inageukia wapi, ukipata 20.7 pailoti, 20.0, 20.1, 20.0, wastani ni wa zile tatu za mwisho. Nimeona mtu anajumlisha zote nne anagawa kwa nne, amefanya kazi nzuri yote alafu anaiharibu kwenye karatasi.

---

kibatari aliandika:

Dada asante sana hayo mambo vitabuni hayapo. Samahani kwa swali la kijinga, kwanini swali linasisitiza methyl orange, kuna jamaa yangu alikuwa kituo kingine anasema wao waliweka fenolftalini (ile inayokuwa pinki) na soda na wakapata nusu ya namba yetu, yani kama 10 badala ya 20

---

DadaMaabara aliandika:

Si la kijinga hata kidogo. Mwalimu kagusia juu kwamba asidi inaingia kwa hatua mbili, kabonati kwanza inakuwa baikabonati alafu ndo inakuwa gesi. Fenolftalini inapoteza pinki hatua ya kwanza ikiisha tu, maana baikabonati ina besi kidogo mno haiwezi kuishikilia rangi. Kwaiyo anaona maji meupe anasema nimemaliza, kumbe amefika nusu ya safari, 10 cm³ badala ya 20. Methyl orange yeye anabaki njano muda wote huo mpaka baikabonati nayo iishe ndo anageuka rangi ya chungwa kuelekea pinki, hapo ndo 20.

Ukitaka kuona kwa macho weka fenolftalini kwanza, pinki ikipotea soma bureti, alafu humo humo dondoshea methyl orange uendelee. Namba ya pili itakuwa mara mbili ya kwanza kama soda yako ni safi. Huwa nawafanyia wanafunzi wangu, wanapiga kelele pale rangi inaporudi.

Na tone za indiketa ni mbili au tatu, sio nusu kijiko. Indiketa nazo ni asidi au besi dhaifu, ukimwaga nyingi nazo zinakula.

---

MwlPipeti aliandika:

Hapo ndo uzuri wake, kwa fenolftalini ule uwiano wa 1 kwa 1 aliouweka kibatari ungekuwa sahihi, kwa sababu Na2CO3 + HCl → NaHCO3 + NaCl. Ila titre (cm³ zilizoshuka kwenye bureti) ingekuwa 10, moli 0.001, na ungefika kwenye 286 ile ile. Kwaiyo uwiano unatoka kwenye mmenyuko uliotokea kweli mpaka pale ulipofunga koki. Huwezi kuukariri kwa jina la kemikali.

---

Ngosha_wa_Kanda aliandika:

Mi niulize la mtaani. Hii washing soda ndo magadi yale tunayotia kwenye maharage au ni kitu kingine? Maana bibi yangu alikuwa anayaita magadi tu

---

MwlPipeti aliandika:

Ndugu zao wa karibu. Magadi ya mabonge yanayotoka kule kwenye maziwa ya bonde la ufa, Ziwa Natron huku kwetu na Ziwa Magadi kule Kenya, kwa sehemu kubwa ni madini yanaitwa trona, Na2CO3·NaHCO3·2H2O. Yaani ndani ya fuwele moja una kabonati, baikabonati na maji mawili. Uzito wa moli 106 + 84 + 36 = 226. Sasa kibatari hapa pana zoezi la bure, moli moja ya trona inahitaji HCl moli ngapi mpaka methyl orange igeuke? Usikimbilie 2.

Kule Magadi wanayachoma ili kupata soda kavu ya kutengenezea vioo:
2(Na2CO3·NaHCO3·2H2O) → 3Na2CO3 + CO2 + 5H2O
Gramu 452 zinakuwa 318, kwaiyo tani moja ya trona iliyo safi inakupa kama kilo 703 za soda. Ile asilimia 30 nyingine ni maji na gesi imepaa.

---

kibatari aliandika:

Kabonati inakula 2, baikabonati inakula 1, jumla 3?

---

MwlPipeti aliandika:

Tatu. Umeshaacha kubahatisha.

---

ticha_mpya aliandika:

Wakuu samahani naingilia uzi, mimi ni mwalimu nimeajiriwa karibuni, shule niliyopangiwa haina fundi wa maabara na mkuu kaniambia niandae praktiko. Nina chupa ya HCl imeandikwa 36%, 1.18 g/cm³, nataka lita moja ya 0.1 M. Chuoni tulikuwa tunakuta vishaandaliwa. Nipime kiasi gani? Nimeona mtu mahali anasema chukua 10 cm³ jaza maji

---

DadaMaabara aliandika:

Karibu mwalimu, na hiyo 10 ni ya kukadiria iache. Lita moja ya asidi ya chupa ina uzito 1000 × 1.18 = gramu 1180. Asilimia 36 ya hiyo ndo HCl yenyewe, gramu 424.8. Gawa kwa 36.5 unapata 11.64, kwaiyo chupa yako ni 11.64 M. Hapo ndo ile M1V1 = M2V2 ya kaka fomula_tu inafaa kabisa: 11.64 × V = 0.1 × 1000, V = 8.59, pima 8.6 cm³.

Maji yatangulie mwalimu. Weka maji kama nusu lita kwenye chombo, asidi uimimine taratibu huku unakoroga, alafu ndo uongeze mpaka alama ya lita. Usimimine maji kwenye asidi, na kwa salfuriki hata usijaribu kufikiria, inachemka hapo hapo inakurukia usoni. Fanya dirisha wazi, chupa ya HCl ukifungua ule moshi unaotoka ni asidi inayokwenda kifuani kwako. Ikikudondokea mkononi maji mengi ya bomba muda mrefu, usitafute dawa nyingine.

Kitu cha pili ambacho wengi hawaambiwi, hiyo lita yako usiiandike 0.1 M kwa kujiamini. Chupa ikikaa inavuja gesi, ile 36% ya kwenye lebo huenda leo ni 34. Pima na soda kavu: gramu 1.325 za Na2CO3 isiyo na maji kwenye 250 cm³ inakupa 0.05 M kamili (106 × 0.05 × 0.25, piga uone), pipeti 25 zake, na asidi yako ikiwa 0.1 M kweli itaisha kwenye 25.0. Ikiisha kwenye 26.0 basi asidi yako ni 0.0962. Hiyo soda iwe ya unga uliokaushwa kwenye oveni, ile ya fuwele usiitumie. Fuwele za washing soda zikiachwa wazi zinatoa maji zenyewe hewani, zinaanza kufanya unga mweupe juu, zinaenda zinaelekea kwenye ile yenye maji mamoja. Hujui x yako ya leo ni ngapi.

---

otieno_wa_lab3 aliandika:

Wueh hii ya mwisho imenisaidia kuelewa kitu. Kwa hivyo kuna siku tulifanya ile ya kutafuta x na class nzima ikapata kama 8 na mwalimu akasema tumefanya vibaya, inawezekana chupa ilikuwa imekaa wazi?

---

DadaMaabara aliandika:

Inawezekana kabisa. Ikipoteza maji, kwenye gramu zile zile 2.86 inakuwa na soda nyingi zaidi, asidi inatumika zaidi, x inashuka. Darasa zima kupata namba moja iliyo chini huwa nashuku kemikali kabla ya kushuku watoto. Kila mtu akipata yake ndo nashuku mikono.

---

ticha_mpya aliandika:

Dada nimekopi yote, Mungu akubariki. Ntapima 8.6 na ntaitest na soda

---

MwlPipeti aliandika:

Kibatari kabla hujaenda kulala fanya hili bila kuangalia juu. Gramu 1.26 za asidi ya oksaliki, H2C2O4·xH2O, zimeyeyushwa mpaka 250 cm³. 25 cm³ zake zimemalizwa na 20 cm³ za NaOH ya 0.1 M. Tafuta x, na uniambie unaweka indiketa gani. Asidi hii inatoa haidrojeni mbili.

---

kibatari aliandika:

Haya mwalimu nimepambana, mteja alikuwa ananiita nikamwambia subiri

H2C2O4 + 2NaOH → Na2C2O4 + 2H2O
moli za NaOH = 0.1 × 20/1000 = 0.002
equesheni inasema asidi 1 kwa NaOH 2, kwaiyo asidi = 0.001
hiyo ni ya 25, ya 250 ni 0.01
1.26 ÷ 0.01 = 126
asidi kavu 2 + 24 + 64 = 90
126 − 90 = 36
36 ÷ 18 = 2

x = 2. Na hii mbili siiamini sana maana ilishaniponza mwanzo ila nimeangalia maji gramu 36 kwa asidi gramu 90 naona inaingia akilini. Indiketa nimeweka methyl orange kama ile ya mwanzo

---

fomula_tu aliandika:

Na fomula nayo inatoa 2 nimeangalia 😎

---

MwlPipeti aliandika:

Hesabu safi mwanzo mwisho, na hiyo "equesheni inasema" ndo niliyokuwa naisubiri. Indiketa hapana. Oksaliki ni asidi dhaifu na NaOH ni besi kali, mwisho wake maji yanabaki na ubesi kidogo, methyl orange itageuka mapema kabla oksaliki haijaisha na utapata titre ndogo. Hapa ndo mahali pa fenolftalini. Oksaliki iko kwenye flaski, NaOH inashuka kutoka juu, kwaiyo unaanza bila rangi, na tone la kwanza linaloacha pinki hafifu isiyopotea ukitikisa ndo mwisho. Kesho ukifunga duka nitakupa ya gesi.

---

kibatari aliandika:

Poa mwalimu. Ya gesi iwe na 22.4 tafadhali, usianze na zile za joto la chumba